Mwisho Ambao Lori Halijawahi Kuungoja

Hebu mwone anavyokuja. Usitazame barabara kubwa. Tazama ile njia nyembamba inayokata katikati ya chai, ambapo umande wa asubuhi humlowesha mtu mpaka kiunoni. Kwanza unaona kikapu kilichojaa majani mabichi kikielea juu ya chai kana kwamba kinajitembeza chenyewe. Juu ya kikapu kuna kigoda cha miguu mitatu kimefungwa kwa kamba, miguu imeelekea mbinguni kama mbuzi aliyelala chali. Kisha kikapu kinakata kona, na mwenyewe anatokea: mama mrefu, mwembamba, gambuti miguuni, kitambaa cha manjano kichwani, midomo inacheza. Usidhani anasali. Kusali alisali alipoamka. Sasa anapanga mistari.

Huyo ndiye Akello. Majirani humwita Mama Kepher, kwa jina la kijana wake mkubwa, ila huko anakokwenda ana jina lingine, refu zaidi, na hilo utalisikia sasa hivi.

Anakwenda kwenye banda la majani. Kama hujawahi kuliona, si kitu kikubwa: paa la mabati juu ya nguzo, ukuta wa nusu, meza ndefu za kutandazia majani, na mizani. Wakulima wadogo wa upande huu wa Roret huleta hapo chai waliyochuma, wakangoja lori la kiwanda. Karani hapimi mpaka lori lifike, kwa sababu majani yakikaa hupungua uzito. Na lori lina mambo yake. Likinyeshewa huko chini linakwama, lisiponyeshewa linapitia mabanda mengine kwanza. Kuondoka nako huwezi. Majani yakirundikana hupata joto, yakaanza kuwa mekundu, na majani mekundu kiwanda hakitaki hata kuyaona. Lazima mtu awepo wa kuyageuza. Kwa hiyo watu hukaa, wakangoja. Na watu wakikaa, Akello hufungua kamba, akashusha kigoda chake.

Haikuanza hivyo. Akello alizaliwa karibu na ziwa, akaja Kericho akiwa bibi arusi, kwa mumewe Ouko aliyekuwa akilisha kuni boila la mvuke katika kiwanda cha chai. Ouko alipostaafu, wenzao wengi walifunga virago wakarudi ziwani. Wao wakanunua kipande cha shamba karibu na Roret, wakapanda chai. "Nimekausha chai ya watu maisha yangu yote," Ouko alisema, "wacha sasa nami nichume yangu."

Siku ya kwanza Akello alipoingia bandani na kikapu, hakuna aliyemchekea wala aliyemnunia. Watu walikuwa wakizungumza Kikipsigis, yeye akasimama karibu na nguzo. Mvua ilikuwa inapiga mabati kama inadai kitu. Ndipo mzee mmoja mwenye koti zito, Kiptanui, alipomgeukia na kumuuliza kwa Kiswahili:

"Na wewe ni nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Hakuuliza kwa utamu pia. Akello angeweza kusema mimi ni mke wa Ouko wa boila. Lakini kitu kilimpanda kifuani, kitu cha zamani, na akajikuta amesimama wima na kikapu mgongoni:

"Mimi Akello! Niliyefuata mapacha mlangoni, nikakuta wameacha maziwa, nikayamaliza!"

Hapo mama mmoja mnene aliyekuwa akitandaza majani, Tecla, akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Uuui! Huyu atatumaliza na sisi!"

Akawaeleza. Kwao ziwani, wimbo ukiwa umenoga, mtu huruhusiwa kuusimamisha, akainuka na kujisifu mbele ya watu wote. Wajaluo huita kujisifu huko pakruok, na mtu asiyejua kujisifu vizuri huonekana kama aliyekuja sherehe bila kunawa. Na jina lake, Akello, hupewa mtoto anayezaliwa baada ya mapacha. Kiptanui akafikiri kidogo, akavua kofia.

"Hata sisi tulikuwa tukiwasifu ng'ombe," alisema. "Mimi Kiptanui! Mwenye fahali aliyeuzwa mnadani, akakata kamba, akafika nyumbani kabla yangu!"

Na siku hiyo, kwa kuwa lori lilichelewa, Akello akawaimbia Achola.

Achola ni shairi refu, la kale, aliloimbiwa na nyanya yake, Adoyo, katika nyumba ya udongo ambamo wasichana wa boma lote walilala. Katika shairi hilo, mvua ndefu ilizima moto wa ukoo mzima. Achola, msichana aliyezaliwa baba yake akiwa kwenye jeneza, akatumwa kwenda kuomba moto kwa ndugu walio mbali na kuurudisha ndani ya chungu. Njiani kuna mito, na kila mto una mwenyewe, hamwoni, anasikia tu sauti yake. Sauti inauliza: "Nani anavuka?" Ukijibu ovyo, maji yanapanda. Ukijibu vizuri, maji yanashuka, na watu wa ng'ambo wanakupa kijiti cha kuulisha moto wako usizimike.

Sasa uzuri ni huu. Sauti ikiuliza, anayejibu si mwimbaji. Mwimbaji hunyamaza. Lazima msikilizaji mmoja asimame ajibu kwa kujisifu, halafu atupe kijiti mbele ya mwimbaji. Asipojibu mtu, Achola anabaki ukingoni, hata mpaka kesho.

Akello alichota mistari ya nyanya yake akaimimina katika Kiswahili cha Kericho, ili Mkipsigis, Mkisii na Mjaluo waishike pamoja. Na watu wa banda walijibu! Tecla: "Mimi Tecla! Nikipita na ndoo, ng'ombe wa jirani huacha nyasi wakanifuata!" Weldon, karani, kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni: "Mimi Weldon! Mizani hunitazama mimi kwanza, ndipo isome!" Kila mmoja akitupa kijiti kikavu cha chai. Akello huvikusanya vyote kikapuni, na jioni Ouko huchemshia uji.

Mmoja tu hakuwahi kujibu. Chepkurui, mjane mpole, huwa mwisho wa meza akigeuza majani, yake na ya wengine, wakati wenzake wanapiga makelele. Ukimwambia ajibu, hutabasamu tu akageuza tena.

Kwa sababu ya majibu hayo, na vicheko, na ubishi wa kama fahali wa Kiptanui alikata kamba au alivunja mlango, shairi halikuwahi kufika mwisho. Kila mara Achola anapokaribia mto wa mwisho, honi inalia. Lori limefika. Watu wanakimbilia mizani. Na zamu inayofuata kuna mtu mgeni, au mtu anataka turudie pale penye mamba, na safari inaanza tena. Miaka imepita hivyo. Watoto wamezaliwa, wamekua, wameleta majani yao wenyewe bandani, na hakuna hata mmoja anayejua kama moto ulifika.

Nikwambie jambo moja zaidi, ndipo uelewe uzito wa yanayokuja. Mwaka ule mbaya wa ghasia za uchaguzi, ambao huku hutajwa kwa sauti ya chini, Akello na Ouko walihama nyumba yao wakalala uwanja wa kanisa pamoja na wengine wa kwao. Waliporudi, Akello alitegemea kuona chai imekuwa msitu. Akakuta imechumwa, sawa kama meza. Watu wa banda walikuwa wakiichuma na kuipima kwa nambari yake ya mkulima, ili pesa ziwe zake. Siku moja, akaambiwa, wanaume fulani walimsimamisha Tecla njiani na kumuuliza kikapu hicho ni cha nani.

"Cha Akello," Tecla aliwajibu, "aliyefuata mapacha mlangoni. Mnasemaje?"

Wakampisha njia.

Basi. Turudi kwa mama yetu na kigoda chake.

Jumatatu moja, kabla hajafungua kamba, Weldon alimjia mbio na simu mkononi.

"Mama Kepher, kuja uone! Achola wako ameingia kwa simu!"

"Ameingia kutafuta nini?"

"Wamemfanya muvi! Vijana wa Kisumu. Jumamosi mchana inaonyeshwa Roret, kwa ukumbi wa kanisa. Hii ni kionjo tu."

Vichwa vikakusanyika juu ya simu. Msichana mwenye shingo ndefu alikuwa akipita katikati ya mafunjo, chungu kichwani, moshi mwembamba ukimfuata kama mkia. Akello alishika kifua. Mafunjo yale! Ndivyo hasa nyanya yake alivyoyasema, marefu kuliko mtu, yakinong'ona. Jambo la kwanza alilotamani ni kumwita Adoyo aje aone, na Adoyo yuko kaburini tangu zamani.

Kisha sauti nzito ikatoka kwenye simu: "Nani anavuka?"

Kiptanui akakohoa, akavua kofia. Lakini msichana wa kwenye simu hakungoja mtu. "Mimi ni Achola!" akasema, akavuka.

"Ala!" Kiptanui akarudisha kofia. "Mbona anajibu mwenyewe? Hapo ni pangu!"

"Labda hawakuwa na nambari yako ya simu, Mzee," Tecla akamwambia.

"Wangenipigia wangepata fahali. Sasa wamepata nini? Wamepata mafunjo."

Watu wakacheka. Kisha Weldon, bila kufikiri, akasema kile ambacho kila mtu alikuwa akikifikiria: "Lakini si hatimaye tutajua mwisho?"

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama Akello, halafu wakatazama chini, kama watu waliokutwa jikoni kwa mtu.

"Mama Kepher," Kiptanui akasema, sasa bila mzaha. "Achola ni wako. Wewe ndiye uliyetuletea. Ukisema twende, tunaenda. Ukisema tusiende, hakuna mguu wa banda hili utakanyaga ukumbi ule."

"Mzee, mimi nilikuwa nishapanga na watu..." Weldon akaanza.

"Panga tena."

"Nitawaambia Alhamisi," Akello akasema. Siku hiyo hakuimba. Alisingizia koo.

Jioni alimkuta Ouko nje ya jiko akimenya viazi. Ouko huongea kwa sauti kubwa, boila lilimharibu masikio, hivyo siri za nyumba hiyo zinajulikana mpaka ng'ambo.

"Baba Kepher, wewe ungekwenda?"

"MIMI? Ningekwenda kuangalia kama moto wao unatoa moshi wa kweli. Moto wa uongo nitaujua."

"Nakuuliza jambo la maana."

"Na mimi nimekujibu la maana." Akamtazama. "Unaogopa sinema, au unaogopa Kiptanui akiipenda sinema?"

Akello akakaa kwenye kigoda chake, akachukua kiazi.

"Naogopa mwisho," akasema.

Ouko aliujua mwisho ule. Ndiye mtu pekee upande huu wa Kericho aliyewahi kuusikia. Katika mto wa mwisho, sauti inapouliza nani anavuka, Achola hataji jina lake. Amechoka, koo limekauka, na jina lake mwenyewe halitoshi kuushusha mto mkubwa kiasi kile. Hapo ndipo anapowataja wote waliompa vijiti njiani, mmoja baada ya mwingine, na sifa zao kama walivyozisema wenyewe. Maji yanashuka kwa majina yao. Ndivyo Adoyo alivyomfundisha: mwisho hauna maneno yake, maneno yake ni watu waliokaa mbele yako. Miaka yote bandani, wengine walipokuwa wakijisifu na kucheka, Akello alikuwa akishika. Fahali. Ndoo. Mizani. Ameyashika yote.

"Watakaa pale," akasema, "wauone mwisho ukutani, na wao hawamo. Watadhani ndivyo ulivyo. Watadhani hawakuwamo tangu mwanzo."

"Na nani alikukataza kuwaambia?"

"Lori."

"Siku ya kwanza, lori. Sawa. Ya pili, lori. Miaka yote hii, Mama Kepher, LORI?"

Akello akacheka, kidogo, kwa pua. Ukweli ni kwamba alipenda kungojewa. Ni nani asiyependa? Unaingia mahali na watu wanasogea kukupa nafasi kwa sababu una kitu ambacho hawajakipata bado. Na hapo ndipo palipomkereketa: ukishawapa mwisho, watakusogelea kwa nini?

"Waambie wasiende," Ouko akasema. "Wamekupa ruhusa."

Alifikiri hilo mpaka viazi vikaisha. Lingekuwa jambo rahisi. Neno moja tu, na ukumbi ungebaki bila wao. Lakini akakumbuka mvua juu ya mabati na mzee mwenye koti akimgeukia. Yeye aliulizwa ni nani, akajibu, akavushwa. Leo Achola amekuja Roret na miguu yake, akiwa na uso mwingine na sauti nyingine, halafu yeye, Akello, ndiye asimame ukingoni kumzuia? Nyanya yake angeinuka kaburini amchape.

"Nitawaambia mwisho Alhamisi," akasema. "Halafu waende, wakiwa nao tayari."

Hiyo ilikuwa mipango ya Akello. Lori lilikuwa na mipango yake.

Alhamisi alikuja mapema, akafungua kamba kabla hata hajapumua. Hakuanza na mvua ndefu wala kifo cha baba. Aliruka moja kwa moja hadi kwenye mto wa kabla ya mwisho. Watu wakaelewa. Tecla akaacha kutandaza. Hata wale ambao hawanyamazi kanisani walinyamaza. Achola akavuka mto ule, akapanda ukingo, akauona mto wa mwisho mbele yake, mpana, mweusi, na sauti ikavuta pumzi...

Honi.

Dereva, Mosoti, Mkisii mwenye kicheko cha kujaza bonde, alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Leo hamtanisema! Leo nimewahi! Nimeanza na nyinyi!"

Hakuna aliyecheka.

"Kwani nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Tecla akamjibu. "Ni wewe umefika."

Kiptanui alitaka lori lingoje. Mosoti alisema yuko tayari kungoja hata mwaka, lakini mabanda yote ya huko mbele yana majani mezani, na majani hayajui hadithi. Akello ndiye aliyeinuka wa kwanza. Akabeba kikapu chake mpaka kwenye mizani, akakitundika mwenyewe. Mkulima wa chai hawezi kuomba majani ya mwenzake yaungue ili amalize wimbo.

Majani yalipokuwa yakipakiwa, akawageukia wote.

"Jumamosi tunaenda," akasema. "Mimi na nyinyi. Achola hawezi kusafiri mpaka Roret akose watu wake wa kumpokea. Na kila mtu abebe kiti chake."

"Ukumbini viti viko, Mama," Weldon akasema.

"Nimesema kila mtu abebe kiti chake."

"Na mimi je?" Mosoti akauliza juu ya lori. "Naweza kuja?"

"Uje. Lakini uje kwa miguu. Na usipige honi."

Ungewaona Jumamosi hiyo! Watu wa Roret waliacha kupima nyanya wakawatazama. Kiptanui mbele na koti lake na kiti cha kukunja, Tecla na stuli ya kukamulia, Chepkurui na ndoo iliyogeuzwa, Weldon akijifanya hayuko nao, Ouko akiuliza kwa sauti ya boila kama kuna chai, na Akello katikati, kitambaa cha manjano kimepigwa pasi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wakapanga viti vyao ubavuni, karibu na ukuta, na taa zikazimwa.

Mto wa kwanza ulipofika na sauti ikauliza, Kiptanui hakuweza kujizuia. Alikuwa wima kabla hajajua.

"Mimi Kiptanui! Mwenye fahali aliyeuzwa mnadani..."

"Mzee, keti!" ukumbi ukapiga kelele. "Tunaona kisogo chako!"

Naye Achola alikuwa ameshavuka zamani. "Si ungoje basi!" Kiptanui akauambia ukuta, akaketi kwa uchungu. Mto wa pili Tecla alijibu akiwa ameketi, kwa haraka, akafika kwenye ndoo tu. Mto wa tatu mtu wasiyemjua, huko nyuma, akajibu naye, na watu wakacheka, na baada ya hapo kila sauti ilipouliza nani anavuka, kulikuwa na minong'ono gizani kama mafunjo yenyewe. Filamu haikungoja hata mmoja wao. Filamu haijui kungoja.

Lakini ilikuwa nzuri. Lazima isemwe, na Akello mwenyewe ndiye wa kwanza kusema. Msichana yule alitembea kama mtu anayebeba moto kweli. Ouko alikubali moshi. Na ilipofika mto wa mwisho, mpana, mweusi, sauti ikauliza, msichana akainua chungu juu ya kichwa na kusema, machozi yakimtoka: "Mimi ni Achola! Niliyezaliwa msibani!" Akavuka. Moto ukafika. Mafiga yakawaka nyumba baada ya nyumba, na jina la shairi likaandikwa ukutani kwa herufi kubwa, shairi la wasichana waliolala kwenye nyumba ya udongo ya Adoyo. Akello alipiga makofi kuliko mtu yeyote. Alipiga mpaka viganja vikamwasha.

Taa zikawaka. Watu wa banda hawakuinuka.

"Basi?" Kiptanui akauliza. "Moto umefika?"

"Umefika, Mzee," Weldon akasema.

Kiptanui akazungusha kofia mikononi. "Na sisi tulikuwa wapi?"

Ah. Akello alilisikia swali hilo, na kile alichokuwa amekiogopa tangu Jumatatu kikageuka ndani yake kikawa kitu kingine kabisa. Filamu haikuwa imewajibu. Na waliuliza! Hakuwafundisha kuuliza; waliona wenyewe pengo lilipo.

"Bebeni viti," akasema.

Nje mvua ilikuwa imeshaanza, ile ya kwetu isiyoomba ruhusa. Watu waliokuwa wakitoka ukumbini walijibana barazani, hakuna aliyeweza kwenda popote. Akello akaweka kigoda chini karibu na mlango. Watu wake wakaweka vyao mbele yake. Akatazama barabara upande huu na upande ule. Hakuna lori. Mwenye lori alikuwa amesimama pale pale barazani, amelowa, gambuti zimejaa matope, amekuja kwa miguu.

Akaanzia alipokatiziwa. Mto mpana, mweusi, na sauti ikavuta pumzi: nani anavuka? Kiptanui akaanza kuinuka, Akello akamwashiria kwa kiganja aketi. Leo anajibu Achola.

"Mimi sitavuka kwa jina langu," akaimba. "Navuka kwa Kiptanui, mwenye fahali aliyeuzwa mnadani, akakata kamba, akafika nyumbani kabla yake. Alinipa kijiti."

Kofia ya mzee ilikuwa mdomoni.

"Navuka kwa Tecla, akipita na ndoo, ng'ombe wa jirani huacha nyasi. Aliulizwa njiani, akalitaja jina langu. Alinipa kijiti. Navuka kwa Weldon, mizani humtazama yeye kwanza. Navuka kwa Ouko, aliyelisha moto wa watu wengine akabaki na wa kuchemshia uji wetu."

"NI KWELI," Ouko akasema.

"Navuka kwa Mosoti, mwenye lori. Asingetukatiza, Achola angefika zamani, na sisi tusingekuwa na la kungojea."

Mosoti akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akafuta uso kwa mkono.

Akello akamgeukia mjane aliyeketi kwenye ndoo, mwisho kabisa, ambaye hakuwahi kutupa kijiti hata kimoja.

"Na navuka kwa Chepkurui. Sisi tulipokuwa tukijisifu, mikono yake ilikuwa ikigeuza majani yetu sote. Hakuna siku chai ya banda hili iliungua."

Chepkurui akainamisha kichwa. Kisha, polepole, akakiinua, akakiacha pale pale juu, kila mtu amwone. Maji ya mto ule, waliosikia siku hiyo husema, yalianza kushuka hapo.

Lakini hayakuisha. Ni mto mkubwa, huo wa mwisho. Baraza bado limejaa watu ambao banda halikuwajua, mvua bado inapiga mabati, na Akello ameketi kwenye kigoda chake, mgongo wima, fahari imemkaa kama kitambaa kile cha manjano. Ana mstari mmoja zaidi, na hautaki kumalizwa na yeye. Amemaliza kuwatazama watu wake. Sasa anatazama upande wako, wewe uliyenifuata tangu kwenye njia ile ya chai.

Nani anavuka?